Sukari ya Paka Wetu

Naanza kwa kuomba radhi. Herufi zangu hazisimami sawa, nyingine zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na yako maneno ambayo mpaka leo sijui yanaandikwaje. Nilisoma shule ya msingi tu. Nilimaliza la sita, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili: mwalimu alikuwa anafuta ubao mimi bado niko kwenye mstari wa tatu. Wenzangu walicheka, nikazoea kuficha daftari kwa mkono wa kushoto. Tabia hiyo imebaki nami, na mtaona jinsi ilivyokaribia kumuua paka wetu. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua siku mbili. Mwandiko ukiwachosha, pumzikeni kidogo kisha mwendelee.

Paka mwenyewe ni dume, wa rangi ya majivu, na mkia wake umepinda nchani. Hana jina. Koko, yaani nyanya yangu, alikulia kwenye ng'ombe huko Masisi, na kwake yeye anayestahili jina ni ng'ombe. Paka ni paka. Tunaishi wawili tu, koko na mimi, hapa Murara, mtaa wa mjini karibu na ziwa, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Koko ana ugonjwa wa sukari tangu mimi niko la nne. Anajichoma sindano asubuhi na jioni. Chupa yake ya dawa tunaiweka ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho kinakaa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kwa sababu dawa inataka baridi na umeme wetu unakuja siku unayotaka wenyewe. Kazi ya kulowesha mchanga ni yangu.

Basi sukari haikai nyumbani kwetu. Chai tunakunywa hivyo hivyo. Ni koko peke yake mwenye pipi mbili tatu, amezifunga kwenye pindo la kitenge, za kumsaidia kichwa kikizunguka.

Upande wa pili wa ukuta wetu wa mbao anakaa mama anayekaanga mandazi. Kila asubuhi barazani kwake kunajaa wanafunzi, wachuuzi na waendesha pikipiki. Ana magunia ya unga, na panya wa Murara hawaogopi mtu. Paka wetu alijichukulia kazi ya ulinzi pale kwake, hakuna aliyemtuma. Akiua panya, anamlaza mlangoni ili mama amwone akifungua. Na mama alikuwa anamlipa: andazi moja limekatwakatwa, limelowa kwenye chai ya maziwa yenye sukari nyingi.

"Mufanyakazi lazima alipwe," alikuwa anasema. "Hapa si kwa serikali."

Paka akanenepa, akawa wa duara. Tulimcheka tu, hatukuona ubaya.

Halafu akaanza kunywa maji. Kwanza kwenye ndoo, kama kawaida yake. Baadaye kwenye beseni la vyombo. Siku moja nikamkuta juu ya meza analamba mchanga wa chungu cha dawa. Mimi ndiye ninayebeba maji kutoka ziwani, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kujua kwamba kuna mtu anayatumia.

"Iyi paka inakunywa maji kama mutu ametoka Kibati na miguu," koko akasema.

Alikula pia, alikula sana, lakini alikonda. Unono wote ulishuka kama nguo aliyoazima kwa mtu. Kisha miguu yake ya nyuma ikabadilika. Paka anatembea kwa vidole. Huyu akaanza kukanyaga mpaka kisigino, taratibu, kama mzee aliyevaa kandambili zinazomzidi. Hakuweza tena kuruka juu ya kiti.

Aliyeuona ugonjwa wenyewe ni koko, tena hakuuona kwa paka. Aliuona kwa sisimizi. Nyuma ya nyumba kuna mahali penye mchanga wa volkano ambapo paka huenda haja. Asubuhi moja koko alisimama pale muda mrefu, ameegemea ukuta, akaniita. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye jiwe mpaka pale paka alipokojoa, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, kama watu wa sokoni.

"Unaona?" akasema. "Hata mimi, hawa njo walinisema. Chooni. Daktari alikuja nyuma yao."

"Njo" ya huku kwetu ni "ndio", na "ao" ni "au". Nikamuuliza kama paka nao wanapata sukari.

"Sisimizi hawasomi kama ni mutu ao ni paka. Enda kwa mama wa mandazi, umwambie asimupe tena ile chai. Enda sasa."

Nikaenda. Nataka kueleza hapa vizuri, kwa sababu ni jambo dogo sana na mtu mwingine hawezi kulielewa. Pale barazani palikuwa na watu kama kumi. Nilisimama karibu na karai la mafuta, nikayapanga maneno kichwani: mama, paka wetu anaumwa, usimpe chai. Maneno machache tu. Mwendesha pikipiki mmoja akaniangalia, akaniita yaya, yaani dada: "Yaya, unatafuta nani?" na maneno yote yakakimbia. Nikaangalia chini. Mama akafikiri nimekuja kununua, akanipa andazi moja bure, nikashukuru, nikarudi.

"Umemwambia?" koko akauliza.

"Ndiyo."

Nilijiambia nitamwambia kesho, watu wakipungua. Lakini asubuhi watu hawapungui, na jioni nilikuwa na sababu nyingine. Paka aliendelea kupokea mshahara wake kwa siku nyingi, labda wiki mbili, na mimi nilikuwa namwangalia kupitia upenyo kati ya mbao akilamba kisahani.

Siku aliyokataa chakula nilijua kwamba deni la uongo wangu limefika. Alilala ubavu karibu na chungu cha dawa, pale penye baridi. Alitapika maji, akatapika povu. Nilipomwinua kichwa, pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya ajabu, kama ndizi zilizoiva zikasahauliwa ndani ya mfuko. Koko alinusa mara moja tu, akachukua simu.

Alimwita daktari wa nyama. Huku kwetu ng'ombe, mbuzi, paka, wote tunawaita nyama, hata wale ambao hatuli. Mzee huyu alikuwa akitibu ng'ombe wa koko zamani, wakati koko alikuwa na ng'ombe. Sasa na yeye yuko huku mjini, anakaa juu, upande wa Kanyaruchinya, anachanja mbwa na kutibu mbuzi za watu.

"Muilete," akasema. "Na mulete ile mashini yako ya kupimia sukari. Na chupa ya dawa."

Tulipanda pikipiki moja, koko katikati, mimi nyuma, paka ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge. Dereva alikuwa mcheshi.

"Yaya, iyo kuku ni ya kuuzisha?"

Nikatikisa kichwa. Paka akatoa sauti, nyembamba sana.

"Eh! Koko, kuku yenu inaongea Kifaransa!"

"Endesha," koko akamjibu. "Ukiangusha iyi kuku utaota nayo mpaka uzee."

Daktari alitupokea na buti zake za mpira, ametoka kwenye zizi. Alimfungua paka mdomo, akanusa, akafumba macho kama mtu anayekumbuka.

"Iyi harufu niliisikia kwa ngombe iliyotoka kuzaa. Kwa paka nimeisoma tu kwenye kitabu."

Alimtoboa ukingo wa sikio kwa kisindano cha koko, tone la damu likatoka, akaligusisha kwenye kikaratasi chembamba kinachochomekwa kwenye mashini ya kupimia. Kamashini hakakutoa namba. Kalitoa herufi mbili, na koko anazijua hizo herufi ingawa hasomi: maana yake sukari imepita pale kamashini kanapojua kuhesabu.

"Inakula nini?"

"Sambaza," koko akasema. Ni wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Daktari akanitazama mimi. Sijui alijuaje.

"Na mandazi," nikasema. "Na chai. Ya mama jirani."

Koko akageuka taratibu. "Si ulimwambia?"

Nilikuwa nimeshika miguu ya paka, na nilitamani kuingia mimi ndani ya kile kikapu. Koko hakupiga kelele. Alisema tu, "Muzee, iko yenye kupona ao hapana?" na daktari akajibu kwamba mandazi peke yake hayaleti ugonjwa huu, kuna paka wanaopata bila hata kuonja sukari, lakini kwa paka mgonjwa yalikuwa kuni juu ya moto. Kuhusu kupona, alisema tungoje.

Alimweka kwake siku tano. Alimpa dawa ya koko, ile ile ya kwenye chungu, lakini kidogo mno, mstari mmoja wa bomba la sindano. Koko aliuliza kama chupa moja itawatosha wawili.

"Wewe unakunywa kijiko, yeye tone," daktari akasema.

Maji alimpitishia chini ya ngozi ya mgongo, kwa sababu mwili ulikuwa umekauka. Yale maji yalikaa kwanza pale juu ya mabega yakafanya nundu. Koko alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Angalia! Imekuwa ngombe. Sasa nitaipa jina."

Mimi nilikuwa napanda kwa miguu kila siku, nakaa kwenye kigoda karibu na boksi lake. Siku ya pili hakufungua macho. Siku ya tatu alifungua, akaniangalia, akayafumba tena. Nilimwekea sambaza puani, akageuza kichwa. Jioni hiyo daktari alinisindikiza mpaka barabarani, na akaniambia bila kuzungusha: "Kama kesho haijakula, mujitayarishe wewe na koko yako." Niliteremka mpaka Murara na sikumwambia koko. Lakini safari hii hakuuliza, alitazama tu sahani yangu ambayo sikuigusa, akajua. Kisha akafanya jambo lililoniogopesha. Saa ya sindano yake ilipofika alikaa na bomba mkononi, akasema, "Dawa ni moja. Kama kwake inashindwa, kwangu inafanya nini?" Alijichoma mwishowe, lakini alichelewa sana.

Siku ya nne nilifika nikamkuta daktari amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Njoo uone mwizi," akasema.

Paka alikuwa ameketi. Gamba la samaki lilikuwa limemganda usoni. Alikuwa amekula sambaza mmoja, mmoja tu, na mbele yangu akala wa pili, polepole, akipumzika katikati kama mtu anayepanda mlima. Sijawahi kutazama mtu akila kwa furaha kama ile. Nilimpigia koko kwa simu ya daktari, na kwa sababu machozi yalinizuia kusema, nilisogeza simu karibu na paka ili asikie meno.

Tukamrudisha nyumbani, na kazi ndipo ilipoanza. Daktari alitupa kanuni: kwanza ale, ndipo achomwe, asipokula, asichomwe. Mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili ya asubuhi na saa kumi na mbili ya jioni. Alinifundisha kuinua ngozi ya shingo ikasimama kama hema, na kuingiza sindano chini ya hema. Mara ya kwanza nilijichoma kidole. Baada ya siku chache paka hakugeuka hata kuangalia.

Koko naye alibadilika. Zamani alikuwa anaruka sindano zake, akisema leo sijisikii vibaya. Sasa alikuwa anavuta kigoda chake karibu na sahani ya paka, anangoja. "Tuko wawili," alikuwa anamwambia. "Nani anaanza?" Paka ndiye alikuwa anaanza.

Na mama wa mandazi? Koko hakunituma tena. Alisema naye mwenyewe, kupitia ukutani, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Mama! Wewe njo ulitaka kuniulia paka na chai!"

"Mimi? Nani aliniambia? Muko na midomo ya nini kwa iyo nyumba?"

"Nilituma mutoto."

"Mutoto alikuja, alikula andazi, alirudi. Kama alisema kitu, alikisemea tumboni."

Watu wote wa barazani walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Lakini jioni mama alikuja na sambaza wachache kwenye jani la mgomba, akainama, akasema na paka kama na bosi wake: "Patron, mushahara umebadilika. Usiniache na panya."

Sasa nifike kwenye daftari.

Daktari alikuwa amenichorea mistari. Upande mmoja asubuhi, upande mwingine jioni. "Ukichoma, andika papo hapo," akasema. "Tarehe, saa, amekula ao hajakula, na jina la aliyechoma." Daftari lilining'inia kwenye msumari kando ya mlango, pale penye mwanga. Koko hasomi, lakini nafasi tupu anaijua. Akikuta nafasi tupu, anajua sindano bado.

Mistari hiyo, kwa mtu mwingine, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya muda mrefu, tena mlango wetu unatazama baraza la mandazi. Watu wakinywa chai wanaona kila kitu. Kuna mwanafunzi mmoja alishawahi kuniambia, "Yaya, unachora ao unaandika?" Tangu siku hiyo nilikuwa nangoja watu waondoke. Nachoma saa kumi na mbili, naandika saa tatu. Koko hakujua, kwa sababu saa tatu ikifika nafasi imejaa, na asubuhi nilikuwa nachoma mbele ya macho yake.

Wiki ya tatu, koko alikwenda misa ya asubuhi. Mimi nilimlisha paka, nikamchoma, nikaangalia daftari, nikaangalia barazani. Kulijaa. Nikachukua bidoni langu, yaani dumu, nikashuka ziwani kuchota maji. Nitaandika nikirudi.

Niliporudi jua lilikuwa limeshakuwa kali. Koko alikuwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Paka alikuwa anatoka nyuma ya nyumba, na nilidhani anacheza. Alikwenda upande, akagonga ukuta, akasimama akiwa amepanua miguu, kichwa kinatikisika. Kisha akaanguka.

"Ana nini?" nikasema. "Asubuhi alikuwa muzima."

"Alikuwa muzima hata wakati nilimuchoma," koko akasema.

Bidoni lilinianguka.

"Koko. Ulimuchoma?"

"Nafasi ilikuwa tupu. Sahani ilikuwa tupu, amekula. Nikasema mutoto amesahau, amekimbilia maji." Maharage yalibaki kwenye kiganja chake. "Ayi. Na wewe ulimuchoma."

Nikaitikia kwa kichwa.

Koko anaijua hali ile kuliko daktari yeyote, kwa sababu imempata mwenyewe mara nyingi: dawa ikizidi, sukari inashuka, mtu anazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Alikuwa tayari anafungua pindo la kitenge. Zilikuwepo pipi mbili, zile ngumu za mnanaa. Paka hawezi kumumunya pipi. Koko aliiuma moja aipasue, lakini meno yake yaliyobaki hayakutosha. Paka alianza kurusha miguu.

"Sukari," koko akasema. "Kwa mama. Kimbia!"

Mlango wetu na baraza lake vinaachana hatua kumi na tano hivi. Sikumbuki hatua hata moja. Nakumbuka sauti tu, na mwanzoni sikujua ni ya nani. Ilikuwa inapiga kelele: "Sukari! Mama, sukari! Paka inakufa, lete sukari, lete sukari!" Watu walisimama wote, mmoja akamwaga chai yake mapajani, mwingine akakimbilia barabarani akidhani nyumba inaungua. Ilikuwa sauti yangu.

Mama hakuuliza. Alichota sukari na kikombe, akamwagia maji ya moto ya chupa, akakoroga kwa kidole chake chenye unga, akaja mbio na kandambili moja. Alisema njiani, na mpaka leo watu wa baraza wanayarudia maneno yake: "Wiki zote hizi nimekatazwa kumupa sukari, leo munaitafuta na kelele!"

Koko alikuwa ameshampigia daktari. Simu ilikuwa chini, sauti ya mzee inatoka kwenye mchanga: "Usimwagie kooni, atapaliwa! Mumupake kwenye fizi. Na kidole. Fizi tu, polepole."

Nikapaka. Nilichovya kidole, nikainua mdomo, nikapaka fizi, nikachovya tena. Fizi zilikuwa baridi. Koko alimshika kichwa, mama alishika kikombe. Sijui ni muda gani. Mama alikuwa anasali chinichini na katikati ya sala akasema, "Patron, usinifanyie ivo." Miguu ilitulia, na hilo liliniogopesha zaidi kuliko ilipokuwa inarushwa. Nikapaka tena. Ndipo ulimi ukatoka kidogo, ukalamba. Ukarudi. Ukalamba tena. Halafu paka akaniuma kidole, meno yakaingia kweli kweli, damu ikatoka.

"Ameniuma!" nikalia.

"Mungu asifiwe," koko akasema.

Kovu lipo. Ndicho kidole ninachoshikia kalamu.

Kutwa nzima hatukuondoka hapo. Kila mara tulimpa kipande cha samaki, tulimpima sikioni, namba ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda. Jioni alijilamba makucha, akaenda zake mlangoni kwa mama kuangalia magunia. Hatukumchoma jioni hiyo. Mama aliacha mandazi yake yakaungua, na aliwauzia watu hivyo hivyo, akiwaambia ni ya rangi mpya.

Nilimweleza koko kila kitu, kuhusu daftari, kuhusu saa tatu, kuhusu yule mwanafunzi. Nilingoja anigombeze. Yeye akasema, "Ngombe mia tulizihesabu na vijiwe. Nani alitudanganya paka mmoja anahitaji karatasi?"

Akatoka nyuma ya nyumba, akarudi na vijiwe viwili vyeusi, vyepesi, vyenye matundu. Tukachukua mikebe miwili ya nyanya. Mkebe wa kushoto ni wa sindano bado. Wa kulia ni wa sindano tayari. Kijiwe kikubwa ni cha koko, kidogo ni cha paka. Ukichoma, unahamisha kijiwe kabla hata ya kuweka bomba chini. Kinasikika, ti. Yeyote aliye ndani ya nyumba anajua. Hatujakosea tena.

Daktari alipokuja kutuona aliangalia mikebe, akaangalia daftari langu, akasema mikebe ni mizuri lakini niendelee na daftari pia, kwa ajili yake. Alisema kitu kingine: kwamba ile dawa ingeweza kuwa nyingi hata bila kosa letu, kwa sababu mwili wa paka unaonekana umeanza kujitengenezea ya kwake. Inatokea kwa paka, wakitibiwa mapema na wakila nyama na samaki tu. Akapunguza kipimo mpaka nusu ya mstari. Baada ya wiki kadhaa akasema tuchome asubuhi peke yake. Halafu asubuhi moja alipima mara tatu, akakunja vifaa vyake.

"Leo musichome. Wala kesho."

"Amepona?" nikauliza. Niliuliza mimi, kwa sauti.

"Sukari imepumzika. Inaweza kurudi, muangalie. Lakini leo paka yenu ni muzima."

Koko alichukua kile kijiwe kidogo, akakitia kwenye pindo la kitenge, pamoja na pipi. Cha kwake kimebaki kwenye mikebe, na kila asubuhi nasikia ti.

Sasa paka anatembea kwa vidole tena. Juzi aliruka juu ya meza, akaangusha kikombe, na koko alimtukana kwa furaha kubwa. Mama wa mandazi anamlipa kwa sambaza, na siku hizi nikipita barazani ananiita, "Sauti ya sukari!" Watu wanacheka, mimi pia nacheka kidogo. Nimeanza kuandika mchana, mlango ukiwa wazi. Yule mwanafunzi aliniuliza tena kama nachora. Nikamwambia ndiyo, nachora paka, angoje aone.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda ziwani, napita kwanza nyuma ya nyumba kuangalia mchanga. Leo nimeangalia. Sisimizi walikuwepo, mstari mrefu, lakini walipita pale bila kusimama. Walikuwa wanakwenda zao kwa mama, kwenye makombo ya mandazi.

Kama nanyi mmewahi kuchunga mnyama mwenye ugonjwa huu, au kama paka wenu anakunywa maji kupita kiasi na hamjui la kufanya, niandikieni. Niambieni mlifanya nini, na sukari yake ikirudi mliijuaje mapema. Tumieni herufi kubwa kidogo. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma mpaka mwisho, na koko atataka nimsomee yote kwa sauti.